Kiti cha Mbele Si cha Watoto Tu

Nataka kutetea jambo ambalo wengi wenu mtalicheka. Nasema kwamba yafaa msafiri wa garimoshi apewe nafasi ya kutazama mbele, kule aendako, wala asiachiwe dirisha la ubavuni peke yake.

Likizo iliyopita kwaya yetu ilikwenda London kuimba, na mwenyeji wetu alikuwa mzee mmoja aliyesoma shule hii zamani. Siku moja alitupeleka kituo cha Bank, kilicho chini ya ardhi, tukapanda reli iitwayo Docklands Light Railway, iliyofunguliwa mwaka 1987. Magarimoshi yake (nayaita hivyo ingawa hayana moshi, maana ndilo jina tulilolizoea) hayana chumba cha dereva. Mitambo ndiyo iyaendeshayo, na mtumishi mmoja hutembea ndani akiangalia milango. Pengine huketi mbele akaendesha kwa mkono, lakini siku nyingi viti vya mbele kabisa, penye kioo kikubwa, ni vya yeyote awahiye.

Mzee akasema, "Wanangu, kaeni pale." Nikaketi. Mwenzangu mmoja akanicheka: "Kiranja mzima wagombea kiti na watoto!" Kweli kando yangu alikuwapo mtoto wa miaka mitano hivi, akikata kona kwa usukani usiokuwapo. Garimoshi halina usukani, lakini sikumwambia.

Tulitoka gizani tukapanda juu ya madaraja ya zamani ya matofali, nyumba zikiwa chini yetu. Reli mbili zilimeta mbele, zikagawanyika, nami nikawa nakisia tutashika ipi. Nilikosea mara tatu. Garimoshi jingine lilitujia kana kwamba litatugonga, likapita kando. Tukaingia katikati ya majumba marefu ya Canary Wharf, kisha njia ikainama, tukazama chini ya mto Thames na kutokea Greenwich. Njia hiyo ya chini ya mto ilifunguliwa mwaka 1999. Wenzangu waliokaa ubavuni waliona ukuta mweusi tu. Mimi niliona taa zikija moja moja, na mwisho wake mwanga mdogo kama shilingi, ukikua.

Lakini jambo lililonishika zaidi ni breki. Kituo kilipoonekana tu mbali, garimoshi lilikuwa limekwisha kuanza kupunguza mwendo, na hili ni garimoshi dogo lenye mabehewa machache.

Nyumbani kwetu ni karibu na reli itokayo Tororo kwenda Jinja. Nilipokuwa shule ya msingi tulikuwa na mchezo wetu. Garimoshi la mizigo likija, tunangoja, kisha tunakimbia kuvuka mbele yake, na wa mwisho kuvuka ndiye shujaa. Mimi nilipata ushujaa huo mara mbili. Dereva alipiga honi, nasi tulimpungia mkono. Pale London ndipo nilipomfikiria mtu yule kwa mara ya kwanza. Alituona tangu mbali, tena alijua kwamba mzigo ule wote hausimami kwa umbali uliobaki, wala hana pa kukwepea. Baba alinieleza haya mara nyingi, na fimbo juu yake, lakini hayakuniingia kama yalivyoniingia kwa robo saa ya kioo.

Tena msidhani kutazama mbele ni jambo geni kwetu. Mwaka 1907 Winston Churchill alipopanda garimoshi Mombasa, aliketi katika kiti kilichofungwa mbele ya injini. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifanya vivyo hivyo, akawatazama wanyama wa nyikani kama atazamaye bustani yake. Wakubwa waliuona utamu huo mapema. Wasafiri wengine walikaa nyuma, wakala vumbi.

Watu watasema dereva atasumbuliwa, na usiku mwanga wa behewa utamzuia kuona. Hoja hiyo ni ya haki. Uingereza miaka ya 1950 walitengeneza magarimoshi ya dizeli yenye vioo nyuma ya dereva, na dereva aliteremsha pazia alipotaka. Waitalia walimpandisha dereva juu, wasafiri wakaketi mbele chini yake, katika garimoshi lao la Settebello la mwaka 1953. Wajapani nao wakafanya hivyo mwaka 1961. Mwingine atasema akaaye mbele ndiye wa kwanza kuumia ajali itokeapo. Hilo silipingi. Ila dereva hukaa hapo kila siku kwa ajili yetu.

Ndugu zetu wa Tanzania tangu mwaka 2024 wanayo magarimoshi ya umeme, na lile lenye kichwa kilichochongoka wamelipa jina la mchongoko. Kwetu Uganda, mwezi wa Novemba mwaka huo ilizinduliwa kazi ya kujenga reli mpya kati ya Malaba na Kampala, yapata kilometa 272. Ni afadhali kusema mapema, na miongoni mwa wanafunzi wa zamani wasomao gazeti hili wamo wahandisi. Wazee wetu, ombi langu kwenu ni kioo kimoja tu nyuma ya dereva, na pazia lake. Watoto wa karibu na reli wapandishwe humo bure angalau siku moja, wakae mbele, waone reli inavyoonekana kwa mtu asiyeweza kukwepa.

Tulipofika Lewisham, mwisho wa njia, tulivuka upande wa pili ili turudi mjini. Nilikimbilia kiti cha mbele, nikakuta kimekwisha kukaliwa. Alikuwa ni yule mwenzangu aliyenicheka, na hakugeuza uso mpaka Bank.