Mbwa Wako Hajaisha, Ni Miguu Tu

Wasee, leo sina utani. Kuna sentensi moja imenichosha kwa hii Nairobi: "Huyo ameisha, mdungeni tu sindano." Mbwa amegongwa na boda, miguu ya nyuma imekataa kusimama, hata eksirei haijapigwa, na tayari soja wa geti, jirani na mjomba wa WhatsApp washatoa hukumu. Ameisha kivipi? Anakula. Anabweka. Ukimwita jina anageuza kichwa. Kilichokataa ni miguu miwili. Mbwa mwenyewe bado yuko.

Msimamo wangu ni huu: mnyama aliyepoteza nguvu za miguu ya nyuma, na hana maumivu yaliyoshinda dawa, ajaribiwe magurudumu kwanza. Sindano iwe mwisho wa mazungumzo, sio mwanzo.

Kwa wale hawajawahi kuona hicho kiti, ni fremu nyepesi yenye magurudumu mawili. Inabeba kiuno, halafu miguu ya mbele ndiyo inakuwa injini. Mbwa anavuta vile tu jamaa wa mkokoteni anavuta pale Gikomba, ila huyu mzigo wake ni mwili wake mwenyewe. Aliye dhaifu hadi mbele anatengenezewa ya magurudumu manne. Na si kila mmoja anahitaji. Mbwa aliyekatwa mguu mmoja kwa kawaida hujifunza kukimbia na mitatu. Mzee ambaye kiuno kinalegea, saa zingine leso ikipitishwa chini ya tumbo inatosha, unamwinua kidogo mkitembea pamoja. Leso mathe wako anazo kibao.

Najua mnachosema: "Hiyo ni ya matajiri wa Karen." Ukiagiza ng'ambo, sawa, kuna bei, usafiri na ushuru. Lakini nani alisema lazima uagize? Mwaka wa 2013 kule Florida, Marekani, daktari wa wanyama anaitwa Len Lucero alipata kitoto cha nguruwe kilichozaliwa na miguu ya nyuma isiyofanya kazi. Alikiundia kigari cha kwanza na vipande vya K'Nex, zile toi za watoto za kuunganisha. Toi! Yule nguruwe, Chris P. Bacon, akawa staa wa intaneti.

Sisi tuko na Kamukunji nzima. Fundi anayekunja bati hadi linakuwa sanduku la shule atashindwa na paipu za PVC, magurudumu ya kibaiskeli cha mtoto, sponji na mikanda ya begi kuukuu? Mpelekee vipimo: urefu kutoka chini hadi kwa nyonga, upana wa kiuno, urefu wa mgongo, na uzito. Kisha daktari wa wanyama aangalie kama imekaa sawa, juu fremu mbaya inachubua ngozi na kuumiza mabega.

Sasa tufike kwa ile hoja inapigiwa makofi kila mara: "Kuna watu hawana viti vya magurudumu, na wewe unaundia mbwa." Ni kweli wapo, na ni aibu yetu sote. Lakini wewe unayeuliza, lini mara ya mwisho uliongea juu yao bila mbwa kutajwa? Makanga akikataa kubeba mtu na kiti chake, ulishuka? APDK, shirika la walemavu lililoanza 1958, linatengeneza viti vya magurudumu hapa hapa Kenya. Ushawahi kuwachangia hata soo moja? Kama jibu ni hapana, basi hao watu unawatumia kama rungu la kunipiga mimi tu.

Na sisemi mbwa ni sawa na mtu. Nasema ile akili ya "hatembei, kwa hivyo ameisha" haiishii kwa mbwa. Ndiyo hiyo hiyo imefanya watoto wafungiwe chumba cha nyuma wageni wakija. Mtoto akikuona unaundia mbwa magurudumu badala ya kumtupa, kuna kitu anajifunza, na sio juu ya mbwa pekee.

Nikisema kumtupa, namaanisha wale wanamweka mbwa kwa gunia na kumwacha kando ya barabara. Sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inasema kumwacha mnyama mahali atateseka, bila sababu ya maana, ni kosa. Hiyo si "kumwachia Mungu."

Ukweli mwingine lazima usemwe, na hapa nawageukia watu wa kontenti wenzangu. Tunaposti mbwa kwa magurudumu, muziki wa huzuni, laiki zinamiminika. Hakuna anayeonyesha kazi. Mnyama aliyepooza mara nyingi hawezi kujikojolea vizuri. Unamkamua kibofu kwa mkono mara kadhaa kwa siku, na daktari ndiye anakufunza. Kuna daipa. Kuna vidonda vya kulala upande mmoja, kwa hivyo unamgeuza. Kigari si cha kukaa siku nzima, ni vipindi, ukiwa unamwangalia. Kama hakuna mtu nyumbani wa kufanya hivyo, sema mapema atafutiwe mwingine. Na kama anaumia na dawa zimeshindwa, sindano ni huruma. Lakini hilo aliseme daktari aliyempima, sio soja.

Jambo la mwisho, na hili linaokoa. Mbwa akigongwa leo, usimbebe kwa miguu. Mtelezeshe juu ya ubao, au blanketi iliyovutwa ikakazwa, mgongo usipinde, kisha mkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Uti wa mgongo haungojei mwisho wa mwezi, na wengine wakitibiwa mapema hutembea tena bila gurudumu lolote.

Kwa hivyo mtu akikwambia mbwa wako ameisha, muulize swali moja tu: nani amempima? Akikosa jibu, wewe endelea kutafuta paipu.