Mukubwa wa kampuni akisimama Seneti, anasema kwa jina la nani?

Vijana wenzetu wa Kikula, Panda, Shituru na komini ya Likasi,

Kila mara tukiongea siasa, mutu mumoja anauliza: "Seneti inatusaidia nini, sisi?" Ni swali la haki. Tunalijibu leo, kwa sababu Seneti inaongozwa na mutu aliyetoka katika kazi ya madini.

Jean-Michel Sama Lukonde alikuwa mkurugenzi mkuu wa Gécamines tangu 2019 mpaka 2021. Kisha akawa Waziri Mkuu. Tangu Agosti 2024 ni Rais wa Seneti, naye ni seneta wa Haut-Katanga. Mutu aliyeendesha kampuni ya madini ya serikali, leo ndiye anaongoza mijadala ya sheria.

Hatusemi mukubwa wa kampuni asiingie Seneti. Hapana. Mutu aliyeona mikataba ya migodi toka ndani anajua vitu ambavyo sisi hatuvijui. Avilete mbele ya watu! Hasara inaanza pale mukubwa wa kampuni, awe nani, ananyamaza ao anatetea wale aliokula nao meza moja.

Tusisahau: seneta hatumuchague sisi. Wanaomuchagua ni wabunge wa jimbo. Mwaka 2019 malalamiko ya rushwa katika uchaguzi huo yalikuwa mengi, mpaka Rais wa inchi akasimamisha kwanza kuingia kwa maseneta kazini. Ni kusema mutu wa pesa anaweza kufika Seneti bila kukanyaga hata siku moja soko la Kikula. Lakini Katiba, kifungu cha 104, inasema seneta anawakilisha jimbo lake. Na jimbo ni sisi.

Mambo ya kusema hayakosekani. Sheria ya migodi ya 9 Machi 2018, iliyopita Seneti pia, inagawanya malipo ya madini hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% muji, komini ao sekta ambako madini yanachimbwa, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inapaswa kutoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Sheria ni nzuri. Sasa barabara iko wapi? Maji iko wapi? Nani katika Seneti anauliza hesabu?

Kuna tena wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondolewa Gécamines mwaka 2003, kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari". Wengi wamezeeka wakidai haki zao, wengine wamekufa. Hilo pia ni deni la kujadiliwa.

Wasituambie Seneti haina nguvu. Tarehe 22 Mei 2025 ilipiga kura ya kumuondolea Joseph Kabila kinga yake. Hatuongee hapa kama ilikuwa vizuri ao vibaya. Tunasema tu: ikitaka, inaweza. Kifungu cha 138 kinairuhusu kuuliza mawaziri na wakubwa wa kampuni za serikali, na kuunda tume ya uchunguzi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

1. Kila seneta mwenye kampuni, ao aliyeongoza kampuni, aseme wazi uhusiano wake na migodi kabla ya kuchukua neno katika mjadala wa madini.

2. Seneti idai hesabu ya ile 15% na ile 0.3%, muji kwa muji, na itangazwe.

3. Maseneta wetu wane wa Haut-Katanga wafike Likasi wakati wa likizo ya bunge, kati ya 15 Juni na 15 Septemba, watuambie walisema nini na walipiga kura namna gani.

Na sisi vijana? Tusingoje paka kupewa tishati na bia. Seneta akifika, mumuulize kwa heshima, bila jiwe, bila matusi: "Mukubwa, kule Seneti ulisema nini juu yetu?"

Akikosa jibu, hilo pia ni jibu.

Likasi ni yetu. Hatutanyamaza.