Machale: kipaji au mazoea?

Wadau, hapa chuoni kuna msemo umeshika kasi: "mimi ni mtu wa machale." Mtu anajaza kipimo cha haiba mtandaoni, anapewa herufi zake nne, basi tena! Kuanzia hapo hataki kuulizwa sababu ya lolote. Sibishi kwamba machale yapo. Ninachobisha ni kuyafanya mali ya wachache waliozaliwa nayo.

Herufi zenyewe asili yake ni Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliyeandika mwaka 1921 kwamba wengine huegemea wanachokiona na kukigusa, wengine huegemea machale. Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers wa Marekani wakageuza wazo hilo kuwa kipimo.

Sasa machale yametoka wapi? Wanabaiolojia wana hoja nzuri. Nyasi zikitikisika porini, anayekimbia bila sababu anapoteza jasho tu, ila anayesimama kutafakari akikuta ni simba, habari yake imekwisha. Kwa hiyo tumerithi ubongo unaoamua kwanza na kueleza baadaye. Tumerithi wote, sio wenye herufi fulani tu.

Lakini urithi huo ni chombo kitupu, lazima ukijaze. Mchukulie yule ndege anayewaongoza Wahadzabe kwenye asali. Halelewi na wazazi wake, maana mayai yake hutagwa kwenye viota vya ndege wengine. Utafiti uliotoka mwaka 2023 ulionyesha kwamba ndege wa huko kwa Wahadzabe walikubali kuongoza mara tatu na zaidi waliposikia mluzi wa Kihadzabe kuliko mwito wa Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji. Huko Msumbiji nako ndege waliupendelea mwito wa Wayao. Yaani kuongoza watu kapewa na asili, ila watu gani na mwito upi, kajifunza pale alipo.

Kwetu Igamba ni hivyo hivyo. Mama aliyeanika kahawa miaka na miaka anashika punje kiganjani na kukwambia bado haijakauka. Ukimuuliza kajuaje, anacheka. Huyo hana uchawi wala herufi. Misimu yote hiyo, kahawa imekuwa ikimrudishia majibu.

Mwaka 2009 Daniel Kahneman na Gary Klein, waliokuwa wakitofautiana sana juu ya jambo hili, waliandika pamoja na kukubaliana: machale yaaminike pale mambo yanapokuwa na utaratibu unaoeleweka na mtu amepata nafasi ya kujifunza kwa kuona matokeo.

Walimu watarajiwa wenzangu, hapo ndipo panapotuhusu. Mwalimu mgeni anaingia darasani, wiki ya kwanza tu kashaamua: huyu kichwa, yule mzigo. Machale hayo kayapata wapi, wakati hajasahihisha hata daftari moja? Tena ubaya wake, mtoto aliyeitwa mzigo haulizwi tena swali, kwa hiyo mwalimu hapati kamwe jibu la kumsuta. Mama wa kahawa akikosea, kahawa inaota ukungu anaiona. Sisi tukikosea, anayeoza ni mtoto wa mtu, na bado tunajisifu tulimjua mapema.

Basi tuwaulize wote, tusahihishe, tuandike, ndipo tuseme machale yametucheza. Nawasilisha, karibuni tubishane.