Tamasha la Roki Si Mlango wa Jehanamu

Sharikani mwetu kuna hukumu itolewayo upesi kuliko sala ya chakula: roki ni muziki wa shetani, na Mkristo hana kazi huko. Kijana wetu anayesoma Ujerumani akialikwa na rafiki zake kwenye tamasha la roki ya progresivu, kama lile la Night of the Prog lililoanzishwa mwaka 2006 katika uwanja wa Loreley, juu ya Mto Rhine, huambiwa achague: rafiki au Yesu. Hukumu hiyo ni ya uvivu, nayo inatupotezea watoto.

Ni wangapi kati ya wanaohukumu wameusikiliza muziki wenyewe? Mwaka 1972 kundi la Genesis la Uingereza lilitoa "Supper's Ready", wimbo wa karibu dakika 23, unaomalizika kwa picha zilizochotwa katika kitabu cha Ufunuo. Neal Morse wa Marekani aliliacha kundi lake la Spock's Beard mwaka 2002 kwa ajili ya imani yake. Mwaka 2007 akatoa "Sola Scriptura", albamu nzima juu ya Martin Luther. Huyo naye tumfukuze?

Sisemi kila wimbo unamtukuza Mungu. "Close to the Edge" ya kundi la Yes imechota katika riwaya ya Hermann Hesse iitwayo "Siddhartha", na hiyo si Injili. Ndiyo maana Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime kila jambo. Kupima kuna jasho. Kupiga marufuku hakuna, ndiyo sababu tunakupenda.

Mtasema kuna bia. Ni kweli. Na katika harusi zetu je? Hakuna aliyezuiwa kwenda harusini. Tunamfundisha kijana kukaa pale kama mtu wa Mungu. Kwa nini somo hilo lisifae mbele ya magitaa?

Bwana wetu aliketi mezani kwa Lawi mtoza ushuru, na walionung'unika walikuwa watu wa dini. Marafiki wanaosafiri pamoja, wakalala hema moja na kumega mkate mmoja, huzungumza mambo wasiyoyagusa darasani. Yule asiyekanyaga kanisani akisikia habari za Yerusalemu Mpya katika wimbo, atamuuliza nani maana yake, ikiwa Mkristo pekee anayemfahamu tumemfungia nyumbani?

Tena huyo hafungiki. Atakwenda kwa siri, kisha atarudi na nyuso mbili: moja ya kwaya, moja ya rafiki zake. Unafiki huo tutakuwa tumemfundisha sisi.

Basi wazazi na wazee wa kanisa, mwombeeni kijana kabla hajaondoka. Mkumbusheni kwamba Jumapili ni ya Bwana hata hemani. Akirudi, msimnuse kinywa; mwulizeni alisikia nini, na rafiki zake walimwuliza nini juu ya Yesu.