Motokaa Kuukuu na Ujuzi wa Mlima Kenya

Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii yatujia kila tunapoona mashindano ya motokaa za kale, East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza ya 1953. Sisi wa pwani twayajua, kwani mara nyingi yameanzia au kuishia huku kwetu.

Kati ya magari hayo, Datsun 240Z ya Japani ina heshima yake. Miaka ya 1970 Safari ilikuwa ikifanywa wakati wa Pasaka, masika yakikaribia au yakiwa yamekwisha ingia. Huko Mlima Kenya, kwenye nchi ya Nyeri, Nanyuki na Meru, udongo mwekundu ukilowa huteleza kama bamia. Gari kama lilivyotoka kiwandani halikufaa. Mafundi waliimarisha springi, wakaliinua, wakafunga bamba la chuma chini ya injini na taa kubwa mbele. Injini yenyewe ni ya silinda 6, lita 2.4.

Kwa gari hilo Edgar Herrmann alishinda mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, akashinda mwaka 1973. Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun.

Leo hali imegeuka. Porsche 911 ndizo zinazotamba, na nyingi hutengenezwa Uingereza katika karakana ya Tuthill. Wasweden wawili, Björn Waldegård mwaka 2011 na Stig Blomqvist mwaka 2015, walishinda kwa gari la aina hiyo. Magari hushushwa bandarini pamoja na mafundi wao na vipuri vyao. Yakimaliza, hurudi yalikotoka. Sisi twabakiwa na vumbi.

Wako watakaosema huu ni mchezo wa matajiri, hautuhusu. Gharama ni ya matajiri, kweli. Lakini ujuzi si wao peke yao. Mtazame kijana wa jua kali pale Karatina anavyoikaza springi ya bodaboda ili ibebe magunia ya kabeji mlimani. Kazi yake na ya fundi wa Datsun ni moja: kukibadili chombo kiendane na njia. Tofauti ni kwamba wa kale alipewa nafasi ya kujipima mbele ya ulimwengu, na huyu hana.

Nyeri kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Mombasa kuna Chuo Kikuu cha Ufundi. Kila kimoja kingetafuta Datsun moja kuukuu, kikawaita wazee walioshika spana zama zile, na vijana wakaifungua na kuifunga mbele yao. Gari bovu hutengenezeka. Fundi akishazikwa na ujuzi wake, hakuna duka la vipuri litakaloturudishia.