Raia Wizara ya Ulinzi si Mzigo



Februari 2025 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitangaza nia ya kupunguza asilimia 5 hadi 8 ya wafanyakazi wake wa kiraia, ikianza na watu wapatao 5,400 waliokuwa kwenye kipindi cha majaribio. Hapa Al Hail, Maskati, nimesikia wenzetu wakisema hata nyumbani ingefaa tufanye hivyo. Eti jeshi ni la wanajeshi, raia wa nini mle? Mimi napinga.

Raia hao ni kina nani? Ni mhasibu, mtunza ghala, mwanasheria, injinia, karani wa mishahara. Ukiwatoa, kazi zao zinabaki pale pale. Anapewa mwanajeshi ambaye serikali imemgharimia kujifunza vita, naye akishaizoea kazi anapata uhamisho, anakuja mwingine kuanza moja. Kwa sisi mainjinia hilo ni balaa. Mtambo unataka mtu anayeujua toka siku ulipofungwa.

Kubwa zaidi ni fedha. Karani aliye chini ya amri ya kijeshi atamwambiaje mkubwa wake kwamba orodha ya mishahara ina majina ya uongo? Uganda wanalijua jambo hili. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani Meja Jenerali James Kazini, aliyewahi kuwa mkuu wa jeshi, kwa hasara iliyotokana na askari hewa. Sisemi raia haibi, la hasha! Nasema mkaguzi asiyewajibika kupiga saluti ana nafasi ya kuuliza.

Watu watanijibu kwamba wanajeshi wana nidhamu na hawagomi. Kweli kabisa. Septemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliihamisha hata Tume ya Nyama ya Kenya kutoka Wizara ya Kilimo kwenda Wizara ya Ulinzi. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 239, inasema vyombo vya usalama viko chini ya mamlaka ya kiraia. Sasa wizara ikiongezewa kazi za kiraia kama kuchinja ng'ombe, raia ndani yake waongezwe au wapunguzwe?

Omani yenyewe ni darasa. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970, Waomani wengi waliorudi kutoka Zanzibar waliingia ofisi za serikali kwa sababu walikuwa na elimu iliyohitajika. Na kule Dhofar, ambako vita vilitangazwa kwisha mwaka 1975, bunduki hazikufanya kazi peke yake. Zilikuwepo pia timu za misaada ya kiraia zilizochimba visima na kujenga zahanati na shule.

Pendekezo langu ni hili. Kila mwaka wa bajeti, serikali zetu zitangaze Wizara ya Ulinzi ina nafasi ngapi za kiraia, zilizojazwa ngapi na zilizo wazi ngapi. Idadi ya makarani si siri ya vita.

Na sisi jamani, tukimaliza masomo, tusikimbilie kampuni za mafuta tu. Tanzania kuna Nyumbu kule Kibaha na Shirika la Mzinga kule Morogoro, yote chini ya Wizara ya Ulinzi. Tuombe kazi huko bila kuvaa gwanda. Kama mshahara hautoshi, tuseme wazi, maana nafasi isiyolipa itabaki tupu, kisha tutaambiwa haikuhitajika.

Naomba kuwasilisha.