Nyimbo Zisizo na Mlango

Mwaka 2018 ulikuwa mwaka wa vishindo katika muziki wa nchi yetu. Mwishoni mwa Februari, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilivikataza vituo vya redio na televisheni kupiga nyimbo kadhaa, zikiwamo "Hallelujah" na "Waka" za Diamond Platnumz. Novemba likazuka la "Mwanza", wimbo wa Rayvanny alioimba pamoja na Diamond huyo huyo. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaufungia na kuamuru uondolewe hata kwenye intaneti. Desemba wenyewe wakaupiga jukwaani mjini Mwanza, na Baraza likawasimamisha wote wawili. Wakaomba radhi, na mwanzoni mwa 2019 wakafunguliwa.

Yamepita hayo, na hatukusudii kuyafufua ili kumchafua mtu. Lakini swali lililozuka mwaka ule bado liko barazani. Wako wanaosema vijana walionewa. Wako wanaosema Baraza lilichelewa. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zilishughulika na maneno zikausahau mlango.

Tueleze. Nyegezi ni sehemu ya mji wa Mwanza yenye stendi ya mabasi. Katika wimbo ule jina hilo lilichezewa hata likatoa maana ya tamaa. Mshairi hana haki ya kulishangaa jambo hilo, maana kucheza na neno lenye maana mbili ndiyo kazi yake tangu zamani. Taarabu yote imesimama juu ya fumbo. Wala tusijitie utakatifu, ndugu zangu. Huku kwetu Lindi, katika unyago wa Wamwera na Wamakonde, na kule Unguja katika unyago alioupiga marehemu Bi Kidude, aliyefariki 2013, yako maneno mazito kuliko yote ya "Mwanza".

Ila maneno hayo yana mahali pake. Ni wanawake watupu, mbele ya mwari aliyekwisha kuvunja ungo, kungwi yuko, na mlango umefungwa. Yana wakati wake na yana mafunzo ndani yake. Na taarabu, iliyoimbwa ukumbini mbele ya wote, ilisitiri. Mtu aliweza kukaa na mkwewe akasikiliza. Aliyeelewa alitabasamu kidogo, na asiyeelewa alifurahia sauti na udi.

Video haina mlango, wala haina subira na fumbo. Kile ambacho neno limekifunika, picha hukifunua kwa kiuno na kwa nguo. Magharibi imeswaliwa, watu wamekaa ukumbini, na simu iko mkononi mwa mtoto wa miaka saba. Kungwi hayupo, na mtoto huyo si mwari. Baba anaona haya kuuliza, mama anajifanya hakuona, na mtoto anabaki na picha asiyoelezwa na mtu. Tulifundishwa chuoni kwamba haya ni tawi la imani. Haya hiyo haina maana ya kutojua mambo. Maana yake ni kujua lipi lisemwe wapi, na mbele ya nani.

Ndiyo sababu kufungia hakukutosha. Redio ilitii, simu haikusikia. Tuliwaona watu waliokuwa hawaujui kabisa wimbo ule wakiutafuta baada ya kusikia umekatazwa. Tukumbuke kwamba Baraza liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984, wakati Tanzania Bara haina hata kituo kimoja cha televisheni. Hatulilaumu kwa kuwa lilifanya kazi yake. Tunasema tu kwamba kazi iliyobaki si yake.

Sehemu moja ni ya sisi washairi. Tumekaa pembeni tukinung'unikia vina vilivyopotea, na kijana anayetunga wimbo leo hana mzee wa kumwendea akamwonyesha pale fumbo lilipovuja. Tungo zetu tunazipeleka magazetini ambako yeye hasomi. Tumwendee studio, tukae naye, naye atufundishe yake.

Sehemu nyingine ni ya wasanii. Anayeimba juu ya Mwanza ana ziwa la kuonyesha, ana jabali la Bismarck lililosimama majini, ana mitumbwi na wavuvi. Maneno yakiwa na maana mbili, picha ichague ile ambayo mama yake mzazi anaweza kuitazama, na hiyo nyingine mwenye akili ataipata mwenyewe.

Sehemu iliyobaki ni ya mzazi, nayo ni nzito kuliko zote. Ajue mtoto wake anatazama nini, na akiulizwa ajibu, asigeuze uso. Ofisi ya Baraza iko Dar es Salaam. Mtoto yuko nyumbani, na mlango wa nyumba hufungwa na mwenye nyumba.